Keria ya Inchi Ishirini na Nane

Masika ya mwaka huu yaliniandika mgongoni.
Kila asubuhi, toka Kisauni hadi Shimanzi,
gurudumu la nyuma lilichota tope la barabara
likanichora mstari mmoja, umenyooka,
kuanzia kiunoni hadi pindo la mtandio,
na Mwachiro, bawabu wa maghala ya chai,
akanipokea getini kwa maneno yale yale:
"Leo umepigwa rula, Bi Mwanatumu."

Jumamosi nikaenda kwa Chivatsi, nyuma ya soko la Kongowea,
pale vitunguu huoza kabla jua halijapanda.
Baiskeli yangu ni ya kontena, inchi ishirini na sita,
ina kibandiko cha mji nisioweza kuutamka.
Keria niliyookota kwa wauza vyuma
ni ya baiskeli ya Kihindi, nyeusi, nzito,
imeshabeba mkaa, imeshabeba wagonjwa;
miguu yake imezidi vidole viwili.

"Tukate," akasema, msumeno u mkononi.
"Usikate."
"Kwani?"
Sikuwa na jibu la kifundi.
Nilimwambia tu, chuma kilichobeba watu kabla yangu
sitaki nikifupishe mimi.

Akaguna. Akaipeleka miguu ile
kwenye jiko la muuza mihogo,
akaipinda polepole kwa kipande cha bomba,
mara moja, mara mbili,
kama mtu akunjaye mikono ya shati kabla ya kazi.

Fremu haina matundu.
Tukaifunga kwa bangili za bati,
chini yake vipande vya tyubu, chuma kisile chuma.
Nati zilikuwa tatu. Ya nne
akaing'oa kwenye kengele yangu.
"Mdomo unao," akasema. "Utaita."

Madigadi ya mbele ilikubali.
Ya nyuma ikagoma:
kwaru, kila mzunguko, kwaru.
Ukivuta waya huku, inahamia kule;
washa juu ya washa, spana nambari kumi, tusi dogo la Kigiriama.
Tukachutama wote wawili, gurudumu likizunguka,
tukitafuta kati ya mpira na bati
mwanga wa unene wa shilingi.
Adhuhuri ikatukuta na mkwaruzo mmoja tu, mwembamba.
"Huo utakwisha wenyewe," akasema,
"au utauzoea."

Kisha akaipandia keria, aijaribu,
kilo sabini na tatu pamoja na spana mfukoni.
Nikamzungusha hadi kwa wauza nazi na kurudi.
Wachukuzi walipiga vigelegele:
bibi harusi walimwita yeye.

Jumatatu mvua ilikuja na hasira ya mdai.
Juu ya daraja la Nyali nilisikia tope
likibisha kwenye bati, chini yangu,
likibisha, likibisha,
na mlango haufunguliwi.

Getini Mwachiro akanizunguka.
Akautazama mgongo. Akautazama tena.
Neno lake alikuwa nalo tayari;
niliona likimrudi kooni.
Ndipo macho yakamshuka hadi kwenye keria.
"Ahaa."

Chupa yake ya chai.
Mwavuli wa karani wa ghala la tatu.
Mihogo ya nani, sijui, ndani ya gazeti la juzi.
Vyote vikapanda, vikafungwa kwa mpira wangu mwenyewe.
"Si unapita huko huko?"

Mzigo wa mwenzio, walisema, ni kanda la usufi.
Hawakusema usufi ukilowa masika una kilo ngapi.
Nikakanyaga pedali. Mgongo mkavu,
hauna mstari, hauna la kusomwa.
Nyuma yangu, kwaru, kwaru,
na kwa kuwa kengele sina tena,
nikapaza sauti katikati ya malori:
"Njia! Njia, jamani! Mzigo!"